Ndoo Zinazofika Bandarini Zikiwa Tayari ni za Hapa Nchini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda,

Pokea salamu za heshima kutoka meza ya kubandika, ambayo kwa miezi mitatu sasa haina cha kubandikwa.

Mimi ni Mkuu wa Idara ya Kubandika katika Kiwanda cha Ndoo cha Taifa, kile ulichokitaja bungeni kuwa kielelezo cha nchi inayojitengenezea vitu vyake. Tulikusikiliza sote kwenye redio ya mlinzi, na akina mama wakapiga vigelegele. Ndiyo maana naona haya kukuletea habari hizi, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Bodi imetutangazia kwamba mwisho wa mwezi idara yangu inafungwa, na akina mama wote wa mezani wanarudishwa nyumbani. Nakusihi uingilie kati. Idara yangu ikifungwa, kiwanda hakipo tena. Tukitoka sisi, wanaobaki ni Meneja Mkuu, watu wa getini na watu wa lori, na hao hata wakisimama pamoja hawawezi kuitwa sekta ya viwanda.

Huenda siku ile ulipotutembelea hukupata nafasi ya kuiona kazi yenyewe, kwa kuwa zulia jekundu liliishia kwenye chumba cha chai. Basi niieleze. Ndoo zetu hutengenezwa ng'ambo, kwa mshirika wetu. Huko ndiko zinakoyeyushwa, zinakopewa umbo, rangi na kishikio. Kisha hupakiwa kwenye kontena, hupanda meli, na dereva wetu huzifuata bandarini. Zikifika hapa tunazifuta vumbi, halafu tunazibandika lebo yenye bendera na maneno "Imetengenezwa Hapa Nchini". Kuanzia dakika hiyo ndoo ni yetu. Naomba mtu asiidharau kazi hii. Lebo ikikaa upande, ndoo inaonekana ya magendo. Ikiwa na povu la hewa katikati, bendera inavimba kama imeumwa na nyuki. Inataka dole gumba lenye uzoefu, na kwa hilo tunaye kiongozi wa meza, ambaye kiwanda kizima humwita Mama Gundi. Huyu ni dada mkubwa wa mke wangu. Kazini yuko chini yangu na nyumbani yuko juu yangu, kwa hiyo unaweza kukisia nakula chakula cha jioni katika hali gani tangu tangazo la Bodi litoke.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Mshirika wetu ameanza kubandika lebo mwenyewe.

Hili ndilo jeraha, mengine ni makovu. Miezi mitatu iliyopita tulifungua kontena kama kawaida. Akina mama walikuwa wameshavaa aproni, gundi imeshakorogwa, matambara yameloweshwa. Nikatoa ndoo ya kwanza, nikamkabidhi Mama Gundi kwa taratibu zote. Akaigeuza, akaitazama, akaigeuza tena.

"Shemeji," akasema, "hii imeshabandikwa. Sasa mimi nibandike wapi? Kwenye paji la uso wako?"

Tukatoa ya pili, ya tatu, tukaingia mpaka nyuma ya kontena. Zote zilikuwa na lebo. Tena zimenyooka, hazina povu hata moja. Nilimwandikia mshirika kumuuliza kulikoni, akajibu kwa adabu sana kwamba wamenunua mashine inayobandika huku ndoo ikipita, na kwamba wamefanya hivyo ili kutuondolea usumbufu. Mheshimiwa, usumbufu huo ndio ajira yetu. Ndoo sasa inapanda meli ikiwa ya hapa, inashuka ikiwa ya hapa, na sisi tulioitwa watengenezaji tumegeuka wapokea wageni.

Bandarini nako kumekuwa na mtafaruku. Afisa wa forodha alimzuia dereva wetu akamuuliza ndoo zimetoka wapi. Dereva akamwambia, "Soma, mkuu, si zimeandikwa?" Afisa akasoma. "Hapa pameandikwa zimetengenezwa hapa hapa. Sasa melini zilifuata nini?" Dereva, ambaye hajawahi kukosa jibu maishani mwake, akasema labda zilikwenda kutembea. Kontena lilishinda juani mpaka Meneja Mkuu alipokwenda mwenyewe kuthibitisha kwamba ndoo za hapa ni za ng'ambo. Alirudi amenyong'onyea, maana alilazimishwa kulisema hilo kwa sauti, mbele ya makuli.

2. Hata lebo zenyewe hutoka kwa mshirika.

Nalisema hili bila kumlaumu mtu. Tulipowahi kuuliza kama zinaweza kuchapishwa nchini, tulielezwa kwamba karatasi ya kuchapia, wino na mashine vyote vinatoka kule, na kwamba kuvivusha bahari vitatu badala ya kimoja ni kujitakia makuu. Tukakubali. Lakini msimu mmoja walichanganya mizigo, wakatuletea lebo za nchi jirani. Bendera zetu zinafanana kidogo ukiwa na haraka, nasi tulikuwa na haraka. Tukabandika msimu mzima. Nilikuja kugundua siku nilipoingia dukani kununua sabuni, nikamsikia muuza duka akimwambia mteja, "Chukua hii, mama. Hawa majirani siku hizi wanatengeneza ndoo imara kuliko za kwetu." Nilitoka bila sabuni. Nasikia na jirani naye alibandika bendera yetu upande wake, na waziri wao akatulaani hadharani kwamba tunafurika soko lao kwa ndoo duni.

3. Likizo za wenzetu.

Kila mwaka wafanyakazi wa mshirika hufunga kazi na kwenda kwao kuwaona wazazi. Hilo ni jambo jema na siwezi kulipinga. Ila wao wakipanda treni kwenda kwa mama zao, huku kwetu ndoo zinakwisha. Mwaka jana likizo ikafuatwa na mafua, mafua yakafuatwa na meli kukwama mahali ambapo mpaka leo sijapaona kwenye ramani. Muuguzi mkuu wa hospitali alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu.

"Mwanangu, nina wodi ya wazazi haina ndoo ya kupigia deki. Nipe hata moja."

"Mama, ndoo ziko likizo."

"Likizo ya nani?"

"Ya wanaozitengeneza kule ng'ambo. Wamekwenda kwa mama zao."

Akainua macho, akasoma kibao chetu kilichoandikwa Kiwanda cha Ndoo cha Taifa, akakisoma tena kwa sauti kama anayemsomea mgonjwa maandishi ya chupa ya dawa. "Na wazazi wangu nao niwaambie wangoje kujifungua mpaka watu wa kule warudi kutoka kwa mama zao?"

Nilimwelekeza kwa Meneja Mkuu, kwa sababu swali lilikuwa nje ya idara yangu. Wodi ile ilipigwa deki kwa maji ya kwenye sufuria muda wote huo, na watoto walizaliwa kama kawaida, bila kufuata ratiba ya mtu. Pendekezo langu ni jepesi: Serikali itangaze likizo za mshirika kuwa sikukuu zetu za kitaifa. Nchi nzima ipumzike siku wanazopumzika wao, iugue mafua wanapougua wao, na irudi kazini meli ikishaonekana. Hakuna atakayesema tena kwamba tumekwama. Tutakuwa tumepumzika.

4. Vishikio.

Mshirika alibadilisha vishikio vya waya akaweka vya plastiki nyembamba, kwa sababu kwao ndoo hutoka bombani mpaka mlangoni. Kwetu inatoka kisimani, inapanda kilima, inavuka barabara, na inasimamishwa njiani ili mwenye nayo asalimiane na watu. Vishikio vikaanza kukatika kilimani. Tulipolalamika, tulijibiwa kwamba tuwashauri wateja wachote maji kidogo. Ushauri huo tuliuagizia mabango. Yako kwenye meli.

5. Wataalamu.

Tuliwapeleka vijana wetu wawili ng'ambo kwa mshirika wakasomee kubandika kwa viwango vya kisasa. Kwa bahati mbaya waliwekwa darasa lisilo lao, wakarudi wanajua kutengeneza ndoo. Walikuwa vijana wenye bidii na ilitusikitisha, lakini ni ujuzi ambao muundo wa kiwanda hauna nafasi yake. Mmoja tumemweka getini, mwingine anamsaidia dereva kufunga turubai.

6. Tunachoomba, pamoja na hoja zake.

Mheshimiwa, mimi si mtu wa kulalamika bila kuleta dawa. Tangu ndoo zianze kufika zimebandikwa, nimekesha na jambo hili, na nimepata mpango unaoweza kuokoa kila mama aliyeko mezani na hata kuongeza wengine.

Kwanza, ianzishwe Idara ya Kubandua. Ndoo ikifika na lebo ya mshirika, tunaibandua. Ikishabanduliwa inakuwa haina uraia, na hapo inahamia Idara ya Kubandika ili ipewe uraia kwa mikono ya raia. Palipokuwa na idara moja panakuwa na mbili, na ndoo ni ile ile. Tumeshafanya jaribio. Mama Gundi alibandua ndoo moja mbele yangu, ikaacha baka jeupe la gundi lisilotoka. Wengine wangekata tamaa. Mimi niliona pale pale Idara ya Kusugua. Kisha tukagundua kwamba msasa unakwaruza, na ndoo iliyokwaruzwa haiuziki, nikaona Idara ya Kung'arisha. Naamini kwa mwendo huu, bila kutengeneza hata ndoo moja, tunaweza kuwa kiwanda kikubwa kuliko cha mshirika.

Pili, itungwe sheria. Mgeni aruhusiwe kutengeneza ndoo, maana hilo hatumshindi na hatuna ugomvi nalo. Ila kuifanya ndoo hiyo iwe imetengenezwa hapa ni haki ya mwananchi, na asiye mwananchi akibandika achukuliwe hatua. Nchi isiyolinda lebo yake italinda nini?

Tatu, mshirika aelekezwe kutuletea ndoo zenye upungufu. Nimekwisha kumwandikia juu ya hili, ili kuokoa muda. Nilimweleza waziwazi kwamba ndoo zake zinatufikia zimekamilika mno, kwamba watu wangu wanakaa mikono kifuani, na kwamba kama anatujali basi atuachie sehemu ya kazi. Alete ndoo zenye vumbi la kutosha. Alete zenye tundu dogo chini, tuwe na Idara ya Kuziba. Alete vishikio vimetengwa na ndoo. Nilimwambia kadiri kitu kinavyofika hakijaisha ndivyo tutakavyomshukuru.

Napenda pia ujue kwamba akina mama wamevumilia kwa heshima, isipokuwa siku moja. Ilikuwa mchana, tumeketi kwenye meza tupu, na mmoja anasuka nywele za mwenzake kwa kukosa shughuli. Mama Gundi akaniuliza:

"Shemeji, nikuulize kitu, usinikasirikie. Kwa nini tusitengeneze ndoo yenyewe?"

Nikamjibu kwa upole, "Dada, hiki ni kiwanda cha ndoo. Muda wa kutengeneza ndoo tutaupata wapi?"

Meza nzima ikacheka, hata aliyekuwa anasukwa, na msusi akapoteza mstari. Sikuelewa walichokicheka. Niliporudi nyumbani mke wangu alikuwa ameshapata habari, naye akanitengea chakula bila kunitazama, akasema, "Bwana mkubwa, huyo dada yangu ukimfukuza kazi atahamia hapa na watoto wake wote, nawe utalala kwenye ndoo." Nakuletea maneno haya uone jinsi watu wema wanavyoanza kupotoka kwa hofu ya kukosa kazi. Mama Gundi amesimama kwenye meza ile tangu mumewe alipofariki. Watoto wake wote wamelelewa na lile dole gumba. Mwisho wa mwezi ukifika na jibu lako halijafika, ni mimi nitakayesimama mbele yake na karatasi ya Bodi mkononi, na baada ya hapo jioni nitakwenda kula kwangu, ambako atakuwa ametangulia.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, idara isifungwe, Kubandua ianzishwe, sheria itungwe, na mshirika aambiwe apunguze ukamilifu.

Msalimie sana mama wa nyumbani kwako na watoto. Wasalimie makatibu wa wizara, dereva wako aliyetukanyagia maua, na yule mzee wa itifaki aliyebeba mkasi wa kukatia utepe. Mwambie mkasi wetu ulirudi salama kwa mshirika. Mlinzi, dereva na akina mama wote wanakusalimu. Mama Gundi anakusalimu kwa kichwa tu.

Ni mimi mtumishi wako katika ujenzi wa viwanda,

Mkuu wa Idara ya Kubandika
Kiwanda cha Ndoo cha Taifa

Nyongeza: Mheshimiwa, nilikuwa nafunga bahasha wakati lori lilipoingia, nami naifungua tena kwa haraka. Naomba uyafute yote niliyoandika hapo juu.

Mshirika amejibu ombi langu, lakini amelielewa vibaya. Kontena tulilopokea leo halina ndoo hata moja. Ndani yake kuna mashine, kuukuu kidogo ila imepakwa mafuta vizuri, kalibu nzito ya chuma ambayo ndani yake ina umbo la ndoo, na magunia ya chembechembe za plastiki. Pamoja navyo kuna barua fupi. Anasema siku nyingi amechoka kutusafirishia ndoo tupu, kwa sababu anachosafirisha hasa ni hewa. Anasema mashine hii wameiacha baada ya kununua kubwa zaidi, kwamba ni zawadi, na kwamba kwa kuwa tuliomba kitu ambacho hakijaisha, ameona atuletee ambacho hakijaanza. Ameweka kitabu cha maelekezo chenye picha.

Sikuomba hivi. Niliomba tundu dogo.

Nimeamuru kila kitu kiingizwe stoo na nimefunga mwenyewe. Mashine hiyo ikiwashwa, hakutakuwa na haja ya kubandua, wala kusugua, wala kung'arisha. Mpango wote utaanguka. Tena lebo yetu itakuwa ya kweli, na lebo ya kweli hatujawahi kuibandika. Hatuna utaratibu wake, na sijui hata ni nani wa kuuidhinisha. Tafadhali mwandikie mshirika aichukue mashine yake na atuletee ndoo kama zamani. Hata zikija zimebandikwa, tutazipokea bila neno.

Naomba jibu lije mapema iwezekanavyo. Funguo nimezikalia. Akina mama wote wako nje ya mlango wa stoo. Hawapigi kelele wala hawaimbi, wamesimama tu. Kile kitabu cha picha hakikuingia stoo, anacho Mama Gundi, na nikichungulia dirishani namwona ameshafika ukurasa wa mwisho.